Kompresa Yenye Tumbo Kubwa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Joan alipeleka maziwa barabarani, akarudi akawafungulia kuku, kisha akachukua sindano na kuingia kwenye karakana ya babake kutoa wadudu kwenye rangi. Kazi hiyo ya sindano hakuna mtoto mwingine pale Litein aliyekuwa nayo. Babake, Kipngeno, alikuwa fundi wa mbao, na alipaka rangi kwa brashi saa za jioni. Wadudu wa mashamba ya chai walikuja wakitafuta mahali pa kulala, wakaona kabati jeupe linang'aa, wakalala. Asubuhi hawakuamka tena. Joan aliwadonoa mmoja mmoja, na kila alipomtoa mmoja palibaki alama ya miguu yake yote.

"Baba Joan," mamake, Rodah, alisema akipita na kikapu cha kuchumia chai mgongoni, "hizi kabati unauza pamoja na nyama?"

Kipngeno alikuwa akitoa unywele wa brashi uliokauka katikati ya mlango.

Kwa miaka mingi Kipngeno alikuwa ameajiriwa katika karakana ya mtu mwingine Nakuru. Alikuja nyumbani Krismasi kama mgeni, akaondoka kama mgeni, na Joan alijifunza kutembea, kusema na kukimbia bila yeye kuona. Mwaka huo akarudi. Alijenga karakana nyuma ya nyumba, kwa sababu nguzo za stima zilizokwenda kiwanda cha majani chai zilipita hapo hapo, naye akavuta waya. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa makabati ya bweni la shule ya wasichana. Mwalimu mkuu, Madamu Beldina, alimwambia neno moja tu: rangi iwe laini kama sahani. Ikiwa hivyo, vitanda na meza za shule vitakuwa kazi yake. Isipokuwa hivyo, Kipngeno alijua, na Joan alijua, kwamba mwezi wa Januari atapanda gari kurudi Nakuru. Nafasi yake ilikuwa bado inamsubiri kule.

Rangi laini kama sahani haitoki kwenye brashi. Bunduki ya kupulizia rangi Kipngeno alikuwa nayo, amekuja nayo kutoka Nakuru. Kilichokosekana ni kompresa ya kuipa upepo. Basi bonasi ya chai, yale malipo ya mwaka ya wakulima, ilipokuja, Rodah alikubali inunue kompresa, ingawa alikuwa amepanga mabati mapya ya jikoni, maana mvua ilikuwa ikinyeshea sufuria ya ugali bila kuombwa.

Habari ya kompresa ilipoenea, kila mtu akawa mtaalamu. Mwenye kukusanya maziwa alikuwa na maoni. Mzee wa kanisa alikuwa na maoni. Lakini hakuna aliyemfikia Kipkurui, kaka yake Rodah, ambaye siku moja alisimama karibu na kompresa kwenye gereji mjini Kericho wakati gurudumu la lori likijazwa upepo. Kwa kusimama huko alijiona amehitimu.

"Shemeji, usiende bila mimi," alimwambia Kipngeno. "Hawa watu wa maduka wakiona hujui, wanakupa takataka."

"Na wewe unajua?" Rodah alimuuliza.

"Dada, mimi nimeona kompresa ikifanya kazi."

"Hata mimi nimeona ndege ikipita," Rodah akasema.

Jumamosi wakaenda, Kipngeno, Kipkurui na Joan, hadi duka la vifaa la Bwana Nyamwange, mtu wa kutoka Kisii aliyekaa Litein siku nyingi. Binti yake Sellah alikuwa darasa la saba pamoja na Joan. Wasichana hao wawili walikuwa wakinyang'anyana nafasi ya kwanza katika Kiingereza, na muhula huo Sellah ndiye aliyeipata. Jambo hilo lilikuwa bado halijamshuka Joan kooni.

Nyuma ya duka kompresa tatu zilikuwa zimepangwa ukutani. Moja ilikuwa ndogo kama debe, ya kujazia upepo baiskeli na mipira. Ya kati ilikuwa na tangi la wastani, na juu yake pampu nzito ya vichwa viwili yenye mkanda mpana. Ya mwisho ilikuwa nyekundu. Tangi lake lilikuwa nene kama ng'ombe aliyekaribia kuzaa, na mota yake ndogo ilikaa juu kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mzee.

"Karibuni," Nyamwange akasema. "Mnataka ya kufanyia kazi gani?"

Kipngeno alifungua mdomo, lakini Kipkurui alimtangulia. "Kazi yote."

"Kazi yote haipo. Kuna kupuliza rangi, kuna magurudumu, kuna kusafisha vumbi. Kama ni rangi, mko na bunduki yake niione?"

"Iko nyumbani," Kipngeno akasema.

"Tumeifunga vizuri kwa kitambaa," Kipkurui akaongeza, kana kwamba hilo ndilo lililoulizwa.

Mteja mwingine akaita akitaka kupimiwa seng'enge, Nyamwange akaenda. Hapo ndipo Kipkurui alipopata nafasi yake. Akaizunguka ile nyekundu polepole, mikono nyuma, kama anavyozunguka mtamba siku ya soko. Akainama akaitazama chini. Akaipapasa tumbo. Akaipiga kofi, ikalia ngoo.

"Hii iko na mahali pa kuweka," akasema.

"Na hii ya kati?" Kipngeno akauliza.

"Hiyo imekonda, shemeji. Angalia tu."

Kipngeno aliangalia, lakini hakujua anaangalia nini. Aliacha shule darasa la nne, na maandishi ya zile mashine yalikuwa ya Kiingereza. Akamgeukia bintiye, akasema kwa sauti ya chini, "Joan, soma hicho kibati. Wewe ndiye una Kiingereza kwetu."

Joan akachutama mbele ya ile nyekundu. Kwenye kibati palikuwa na maandishi machache. Aliona PSI, na mbele yake mia moja na kumi na tano. Moyo ukatulia. Kwenye bunduki ya babake pia aliwahi kuona PSI, na mbele yake arobaini.

"Bunduki inataka arobaini," alisema kwa sauti ya kusikika dukani kote. "Hii inatoa mia moja na kumi na tano. Imezidi karibu mara tatu."

Uso wa babake ukang'aa. Kipkurui akaipiga ile mashine kofi jingine la pongezi.

Chini ya PSI palikuwa na herufi nyingine, CFM, na mbele yake nne. Joan alikumbuka kwamba kwenye bunduki pia zilikuwepo, na mbele yake saba. Hakujua ni nini. Wala mwalimu hakuwa amewahi kulitaja jambo hilo.

"Na hiyo CFM?" sauti ikauliza. Alikuwa Sellah, amesimama mlangoni na pakiti ya misumari.

Wote wakamtazama Joan. Neno "sijui" lilifika hadi kwenye meno, likamwona Sellah, likarudi.

"Ni jina la kiwanda kilichoitengeneza," Joan akasema.

Sellah akazitazama zile kompresa nyingine. "Basi hicho kiwanda kina bidii. Zote tatu zimeandikwa hivyo."

"Ni kiwanda kikubwa."

"Nakijua," Kipkurui akasema. "Kiko Ulaya."

Wakainunua ile nyekundu. Nyamwange alipowarudia kupokea pesa, walikuwa wamekwisha kuipandisha kwenye mkokoteni, na Kipkurui alikuwa akimwonyesha kila mpita njia unene wake.

Nyumbani majirani walijaa kwenye karakana. Kipngeno akaunganisha mpira wa upepo, akatia rangi, akasubiri tangi lijae, akaanza mlango wa kwanza. Rangi ikatoka kama ukungu wa asubuhi na kukaa kwenye mbao bila alama yoyote. Watu wakasogea. Rodah mwenyewe aliweka kikapu chini.

Nusu ya mlango, bunduki ikakohoa. Ikatema. Matone mazito yakaruka kwenye sehemu iliyokuwa laini, na juu ya tangi, na kwenye shati la Kipkurui aliyekuwa amesimama karibu zaidi ya kila mtu. Sindano ya kipimo cha upepo ilikuwa inashuka huku ile mota ndogo ikinguruma bila kupumzika, moto hadi ikanuka. Wakasubiri tangi lijae tena. Rodah alichemsha chai, wakainywa, akaosha vikombe, ndipo likajaa. Kipngeno akapuliza. Nusu ya mlango, bunduki ikakohoa.

Basi wakaanza kuielezea. Kipkurui alisema stima ni dhaifu, kiwanda cha chai kinainywa yote kabla haijafika. Kesho yake akasema rangi ni nzito. Kesho kutwa akasema hewa ya Litein ni baridi, baridi inaifanya hewa kuwa ngumu kuvutwa. Mwenye kukusanya maziwa akashauri mashine igeuzwe itazame upande wa Kericho. Wakaigeuza.

"Kuna mtu hapa amewahi kuwa na hii mashine nyumbani kwake?" Rodah akauliza.

Hakuna.

"Basi haya mnayajulia wapi?"

Asubuhi walirudi na maoni mapya. Rodah alikuwa akichuma chai, akikamua, akipika chini ya bati lililotoboka, na kila akipita karakanani alikuta watu wazima wamechutama kuizunguka kompresa wakiisikiliza, kama inayotaka kusema mahali inapoumwa.

Kipngeno alipiga msasa milango, akapuliza upya, akapiga msasa tena. Vumbi la rangi lilimjaa kwenye nyusi akaonekana mzee. Siku moja Madamu Beldina akaja kuona kazi. Akapitisha kidole juu ya kabati.

"Fundi, hii ni rangi au ni upele?"

"Madamu, mashine inasumbua kidogo."

"Mimi sikuagiza mashine. Shule ikifunguliwa Januari, wasichana wanaingia bwenini. Nikikuta hivi, nitatafuta mtu mwingine."

Jioni hiyo Kipngeno aliuteremsha mfuko wake wa Nakuru kutoka juu ya kabati la chumbani, akaupangusa vumbi, akauweka kwenye kiti. Hakutia nguo ndani. Lakini hakuurudisha juu.

Joan aliuona. Usingizi wake siku hiyo haukuwa mzuri, na shuleni hakusikia somo hata moja. Wakati wa mapumziko alimfuata Sellah kwenye mfereji wa maji.

"Sellah, ile CFM..."

"Ile ya kiwanda cha Ulaya?"

"Wacha mchezo. Ni nini?"

Sellah alimtazama kwanza ahakikishe si mtego. "Ni kiasi cha upepo. Kwa mashine, ni upepo inaotoa kwa dakika. Kwa bunduki, ni upepo inaokunywa kwa dakika. Baba alinionyesha."

"Na PSI?"

"Ni nguvu ya kusukuma." Sellah akafungua mfereji, akauziba nusu kwa kidole gumba. Maji yakaruka kwa kishindo hadi kwenye dirisha la stoo. "Umeona? Nguvu iko. Lakini ukiweka ndoo, inajaa haraka kwa sababu ya hiyo nguvu?"

"Haijai."

"Ndiyo hivyo. Kompresa yako inaweza kusukuma sana na bado ikatoa upepo kidogo."

"Tangi ni kubwa lakini."

"Tangi ni pipa tu. Pampu ndiyo mfereji wa kujaza pipa. Pipa kubwa linachukua muda kuisha, lakini bunduki ikinywa kuliko pampu inavyojaza, litaisha."

Bunduki saba, mashine nne. Joan hakuhitaji kalamu kuipiga hesabu hiyo.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?" akauliza kwa hasira.

"Uliniambia ni kiwanda. Mjomba wako akasema anakijua. Nikasema labda kipo."

Joan alirudi nyumbani akitafuta njia ya kulirekebisha jambo bila kulisema. Alimkuta babake akiosha bunduki kwa thina, ile dawa ya kuyeyusha rangi.

"Baba, labda turudishe hii mashine, watupe nyingine."

"Kwa sababu gani? Wewe mwenyewe ulisoma, imezidi karibu mara tatu." Kipngeno aliinua mkono wake wa kulia akautazama. "Mashine haina kosa. Ni huu mkono. Nakuru nilikuwa nasimamiwa. Labda mimi ni fundi wa kusimamiwa."

Joan alitaka kusema. Badala yake akaenda kuwafungia kuku ambao ulikuwa bado si wakati wao wa kulala, nao wakalalamika sana.

Jumamosi alikuwa shambani na mamake, wakichuma chai mstari kwa mstari. Kulikuwa na ukungu, na majani yalikuwa yamelowa. Joan alichuma mabua, akachuma majani makavu, akachuma mpaka mamake akasimama.

"Hayo unayotia kwenye kikapu ni ya mbuzi? Mpimaji wa chai atatufukuza. Una nini wewe wiki nzima?"

Hapo Joan akasema yote: kibati, herufi, Sellah mlangoni, kiwanda ambacho alikibuni akiwa amechutama. Rodah alisikiliza bila kumkatiza, mikono ikiendelea kuchuma. Joan alipomaliza, mikono ikatulia.

"Kwa hivyo mabati yangu yameliwa na kiwanda ambacho hakipo."

"Ndio, Mama."

"Na mjomba wako anakijua."

"Ndio, Mama."

Rodah akatazama juu kwa muda, kama mtu anayeomba subira aongezewe. "Na babako anafikiri mkono wake umeharibika. Enda umwambie. Mimi sitakusemea. Ukimaliza urudi, hii chai haijichumi."

Joan akateremka hadi karakanani. Babake alikuwa kwenye kigoda na msasa mkononi. Kipkurui alikuwa ameketi juu ya gunia na kikombe cha chai, akieleza jinsi mwezi unavyoweza kusumbua kompresa.

"Baba," Joan akasema, "mkono wako hauna kosa."

Akaeleza. Alipofika kwenye CFM sauti ilimpungua, lakini hakuruka kitu. Akaeleza pia alivyofundishwa na Sellah kwa mfereji na ndoo. "Sikujua. Nilisema tu, kwa sababu Sellah alikuwa hapo. Nisamehe."

Msasa haukusonga. Kipkurui akanywa funda la chai.

"Hata mimi hicho kiwanda nilikuwa nakishuku," Kipkurui akasema.

"Shemeji, nyamaza kidogo." Kipngeno akamtazama Joan. Hakuwa na hasira aliyoiogopa Joan. Alikuwa na uchovu, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nimepiga msasa hii milango mpaka vidole havina alama. Kila usiku najiuliza nimesahau kazi vipi. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilijua Jumatano, Baba."

"Hata Jumatano ungeniambia." Akaweka msasa chini. "Na mimi Nyamwange aliniuliza ninataka kufanya nini, nikaacha nijibiwe. Niliona aibu. Nilifikiri watasema fundi wa kutoka Nakuru hajui mashine. Basi tumekuwa wengi. Jumatatu ukitoka shule tunarudi dukani, na wewe ndiye utakayezungumza."

"Na mimi nakuja," sauti ya Rodah ikasema nyuma yao. Alikuwa ameteremka na kikapu kizima. "Hakuna ng'ombe ameingia boma hili kabla sijamkamua mbele ya mwenyewe. Namkamua mimi, kwa mikono yangu, maziwa yote naona. Ng'ombe wa kusifiwa tumbo simtaki. Lakini mashine mmeenda kununua kwa kupapasa. Jumatatu mtabeba bunduki, mtabeba rangi, na mtabeba mlango. Tutaikamua hapo hapo."

Kipkurui alisema hilo ndilo wazo alilokuwa nalo tangu mwanzo. Hakuna aliyemsikiliza.

Jumatatu Nyamwange aliiona kompresa yake ikirudi kwenye mkokoteni, tangi limejaa madoa meupe.

"Hii imepata tetekuwanga?" akauliza.

Joan akasonga mbele. Sellah alikuwa kwenye meza ya duka akipanga vitasa, na wateja wawili walikuwa wamegeuka kusikiliza.

"Mzee, siku ile nilisoma kibati kama mtu anayejua," Joan akasema. "CFM sikuijua. Nilidanganya. Tafadhali tusaidie tuchague upya, na safari hii nitauliza kila kitu."

Alimtazama Sellah. Sellah hakucheka, na hilo lilimuudhi Joan kidogo, kwa maana alikuwa amejiandaa.

Nyamwange akajikuna kichwa. "Niliuliza ni ya kazi gani, nikaambiwa kazi yote. Niliuliza bunduki iko wapi, nikaambiwa iko kwenye kitambaa. Na mimi nikaenda kupima seng'enge. Nyinyi watu mtaniua." Akaizunguka ile mashine. "Nitaibadilisha na hiyo ya kati. Lakini madoa yote yatoke, nyekundu irudi. Na fundi, rafu za duka langu zimelegea, uje uzitengeneze."

"Nitazitengeneza," Kipngeno akasema.

"Bado," Rodah akasema. "Kwanza ikamuliwe."

Wakaipeleka ile ya kati uani. Nyamwange alisoma kibati chake pamoja na Joan: CFM tisa. Bunduki saba.

"Sasa inatosha?" Joan akauliza.

"Inatosha na inabaki. Siku zote mashine itoe zaidi kidogo kuliko chombo kinavyokunywa, ili ipate kupumua."

"Tangi lake ni dogo kuliko lile."

"Lakini linajaa upesi. Unataka pipa kubwa tupu, au dogo ambalo halikauki?"

Kipkurui, aliyekuwa amezunguka pembe ya ukuta, akaita. Alikuwa amegundua mashine nyingine chini ya turubai, kubwa kuliko zote, iliyofika wiki hiyo. "Kwa nini tusichukue hii tumalize maneno?"

"Hiyo ni ya gereji ya malori," Nyamwange akasema. "Inataka stima ya kiwanda, si hii yenu ya nyumbani. Ukilazimisha, mtabaki gizani nyinyi na jirani."

"Tutakaa hapo gizani tukilisifu tumbo," Rodah akasema.

Joan akakumbuka jambo. "Mzee, waya wetu wa stima unatoka nyumba kubwa, unapita dirishani mpaka karakana. Ni mwembamba. Utaweza kuendesha hii?"

Nyamwange akamgeukia. "Sasa unauliza kama mtu anayenunua. Huo hautaweza. Mota itashindwa kuanza, na waya utapata moto. Mwite fundi wa stima aweke waya mnene. Au iweke kompresa karibu na nyumba, halafu ununue mpira mrefu wa upepo. Na kila jioni mfungue hiki kibomba hapa chini, maji yatoke, la sivyo tangi litaoza kwa ndani na siku moja litapasuka."

"Maji? Si tunatia upepo? Yanatoka wapi?"

Kipkurui akafungua mdomo. Rodah akamtazama. Kipkurui akaufunga.

"Ni unyevu wa hewa," Nyamwange akasema. "Na hewa ya Litein mnaijua, nusu yake ni mvua."

Kipngeno akaunganisha bunduki, akausimamisha mlango kwenye ukuta, akaanza. Nusu ya mlango ikapita. Kompresa ikanguruma, sindano ya kipimo ikatikisika, ikakaa. Mlango ukaisha, mweupe, laini, bila kikohozi kimoja.

"Upande wa pili," Rodah akasema.

Ukapulizwa wa pili.

"Endelea."

"Mama Joan, mlango umekwisha."

"Paka hata huo ukuta."

Nyamwange akasema ukuta wake uachwe, basi Kipngeno akapuliza kwenye boksi kuukuu mpaka rangi ikaisha kwenye bunduki. Upepo haukuisha. Rodah akaitikia kwa kichwa polepole kama afanyavyo akiona povu likipanda kwenye ndoo.

"Hii ina maziwa," akasema. "Twende nyumbani."

Wiki iliyofuata Joan aliisugua ile nyekundu dukani kwa kitambaa cha thina kila alipotoka shule, mpaka doa la mwisho likatoka. Kipngeno alitengeneza rafu za Nyamwange, akamwita fundi wa stima aweke waya mnene, kisha akayarudia makabati. Shule zilipofungwa, Joan alisaidia kupiga msasa, na kazi ya sindano ikakoma, kwa kuwa rangi ilikauka kabla wadudu hawajaamua mahali pa kulala. Mwezi wa Desemba Madamu Beldina akaja. Akapitisha kidole, akakitazama kidole, akapitisha tena mahali pengine.

"Vitanda utaanza lini?" akauliza.

Jioni hiyo Kipngeno alituma salamu Nakuru kwamba ile nafasi yake apewe mtu mwingine.

Siku chache baadaye mzee mmoja wa jirani alipita karakanani akitaka kujua kama kompresa hiyo inaweza kujaza gurudumu la trekta. Kwa mazoea, kila mtu aligeuka kumtazama Kipkurui. Kipkurui aliitazama kompresa. Alitazama paa. 

"Sijui," akasema, na likamtoka kwa shida kama jino. "Muulize Joan."

"Hata mimi sijui," Joan akasema. "Tutaenda tukamuulize Baba Sellah kwanza."

Rodah alikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa. Aliiweka chini, jambo ambalo hakulifanya bila sababu.

"Kama siku ile mngeenda dukani watu watatu wasiojua, mngetoka na jibu moja zuri," akasema. "Lakini mlienda watatu mnaojua, mkatoka na tumbo. Joan, nisikilize. Ukisema hujui, watu watakucheka kidogo, halafu kuna mmoja atakufundisha. Ukisema unajua, wote wananyamaza, hata yule mwenye jibu amesimama mlangoni na misumari mkononi. Na anayeumia si wewe peke yako. Ni yule aliyekuamini."

"Nimesikia, Mama."

"Na wewe Kipkurui?"

"Mimi hilo nilikuwa nalijua, dada," Kipkurui akasema.

Rodah akaichukua ndoo yake akaondoka.